Simbilisi wa Kumi na Tisa

Kwenye mkono wangu wa kushoto, chini kidogo ya kiwiko, pana baka la mviringo lililopauka, ukubwa wake kama shilingi ya zamani. Wajukuu huuliza ni nini. Wageni wenye adabu hulitupia jicho kisha wakajifanya hawakuliona. Mimi nikiwa kwangu huvaa mikono mifupi makusudi, ili waulize. Wako watu ambao kila wakitaka kujisifu huanza kwa kusema "sisemi haya kwa kujisifu". Mimi nayasema kwa kujisifu, na nimengoja miaka mingi nipate nafasi ya kuyasema yote, mwanzo hadi mwisho, bila mtu kunikatiza.

Ilikuwa miaka ya themanini. Nilikuwa nimeachika, mtoto sina, nimerudi kwa mama Malindi na sanduku moja na ulimi mkali. Nikasikia kuna kituo cha utafiti upande wa Kilifi kinatafuta mtu wa kutunza wanyama, awe na hati ya mkono inayosomeka. Nilikwenda. Nilikuta wanaume wanne wamenitangulia. Daktari aliyekuwa akitusaili hakutuuliza maswali mengi. Alimpa kila mmoja wetu simbilisi amshike. Simbilisi ni mnyama mdogo mnene, hana mkia, hazidi paka mchanga kwa ukubwa, na woga wake hauna kifani. Wenzangu waliwakaba wale wanyama kama watu waliokamata kuku wa kuchinja. Mimi wangu nilimkingia viganja viwili, akanikojolea, nikamwacha amalize. Kazi nikapata.

Mama hakufurahi hata kidogo.

"Mtoto wa mji, mwana wa watu, aende akafuge panya!"

"Si panya, mama. Ni simbilisi."

"Ana meno ya panya?"

"Anayo."

"Basi ni panya."

Majirani walipouliza nimekwenda wapi, mama aliwaambia nimepata kazi ya unesi Kilifi. Nilimsikia kwa masikio yangu, nami nikamwacha aseme. Sitasema uongo ule uliniudhi. Ulinipendeza. Mwanamke aliyeachwa huangaliwa kwa jicho la huruma mjini kwetu, na mimi huruma ya watu naichukia kuliko matusi yao. Nesi haonewi huruma.

Basi nikawa nakaa Kilifi siku za kazi, kwenye chumba cha kupanga, na Jumamosi mchana narudi Malindi hadi Jumapili. Nyumba ya wanyama ilikuwa jengo refu la mawe lenye madirisha ya wavu. Majani ya kulisha yaliletwa na mkulima wa Tezo, mabichi, na mimi niliyachambua jani moja moja kana kwamba nawapikia wakwe. Simbilisi walikuwa kumi na wanane, weupe wote, na hapo ndipo nilipoanza kujipatia jina. Daktari alikuwa akiwatia alama kwa rangi ya chupa ili ajue huyu ni namba tatu na yule namba tisa, lakini rangi ilififia kila baada ya siku chache, na asubuhi tunabaki kukisia. Jumatatu moja nilikuja na hina yangu ya Malindi iliyokandwa kwa ndimu. Nikawatia nukta: moja sikioni, mbili begani, tatu kiunoni, kila mmoja na mahali pake. Daktari, mtu wa bara, mrefu, asiye na maneno mengi, alicheka mpaka akavua miwani akaifuta. Kisha akaandika kitabuni mwake kwamba kuanzia siku hiyo alama za kituo zitakuwa za hina. Hazikufifia.

Sasa nieleze kazi yenyewe, maana bila hiyo hadithi hii haina miguu. Daktari alikuwa akichunguza kuvu, ile inayoleta choa kwenye ngozi, na homoni za steroidi. Mwili wa mtu, na wa simbilisi pia, una vitezi viwili vilivyokaa juu ya figo, na vitezi hivyo hutoa homoni ambayo, pamoja na kazi zake nyingine, hupoza uvimbe na wekundu. Madaktari wamejifunza kuitengeneza kama dawa, na nyingine wameitengeneza kali zaidi ya ile ya mwilini. Swali la daktari lilikuwa hili: mnyama mwenye choa akipewa homoni hiyo, inakuwaje?

Tuliwanyoa mgongoni, kila mmoja kipande cha upana wa vidole vitatu. Kundi la kwanza, sita, lilipakwa kuvu basi. La pili lilipakwa kuvu na kudungwa sindano ya homoni kila siku. La tatu lilidungwa homoni peke yake, bila kuvu, ili tujue sindano yenyewe inafanya nini. Kila asubuhi nilinakili jina la dawa kutoka kwenye chupa, jina refu la kuvunja ulimi, kisha nikaandika ninachokiona mgongo kwa mgongo.

Kundi la kwanza walitia huruma. Migongo ilivimba, ikawa myekundu, ikatoa magamba, nao wakawa wanajisugua kwenye waya siku nzima. Kundi la pili walikaa kimya wakila majani yao. Ngozi zao zilikuwa shwari. Siku moja nikamwambia daktari, kwa furaha, "Wale wa sindano wamepona."

Alichukua wembe, akakwangua ukoko kidogo kwenye mgongo ule shwari, akauweka kwenye kioo, akatia tone la dawa, akaniita kwenye hadubini. Nilifumba jicho moja nikatazama. Niliona nyuzi. Nyuzi zimepita huku na huku, zimejaa, zimesokotana. Kisha akaniwekea kioo cha yule wa kundi la kwanza, yule mwekundu niliyekuwa nikimwonea huruma, na humo nyuzi zilikuwa za kutafuta.

"Hawajapona," alisema. "Wamenyamazishwa. Ule wekundu ni mwili inapigana. Tumeambia mwili iwache kupigana, na kuvu haijaambiwa kitu."

Kiswahili chake cha bara sikukisahihisha siku hiyo, kwa sababu alikuwa anasema kweli. Na haikupita muda kweli ile ikaonekana bila hadubini. Kundi la kwanza wekundu uliisha, magamba yakadondoka, manyoya yakaota upya, wakapona wenyewe. Kundi la pili kuvu ilitambaa taratibu, bila kelele, ikateremka ubavuni ikafika tumboni. Niliyaandika yote kwa hati yangu nzuri. Wakati ule nilidhani nayaandika ya simbilisi.

Kituo kilikuwa na sheria moja isiyo na mjadala: koti jeupe la kazi halitoki. Tulikuwa na sufuria kubwa uani, makoti yanachemshwa humo na kuanikwa pale pale. Lakini nilipokuwa nyumbani Jumamosi moja mama akaniambia jirani wa mlango wa pili ameuliza, nesi gani huyo ambaye hata koti lake halijaonekana? Mama hakuniambia nilete. Aliniambia tu kwamba ameulizwa, kisha akanitazama.

Jumamosi iliyofuata nikalikunja koti, halijachemshwa, nikalitia kikapuni chini ya mafungu ya mchicha.

Mdogo wangu wa kike alilipokea kama zawadi. Alikuwa na miaka kumi na tisa, mchumba keshampata, na harusi imeshapangwa. Kabla ya kulifua alilivaa, akasimamisha ukosi mpaka masikioni, akajitazama kwenye kioo cha kabati, kisha akachukua kijiko akamwekea mama kifuani kusikiliza moyo. "Pumua, bibi. Mbona moyo wako unataja panya?" Tulicheka mpaka machozi. Halafu akalifua, akalitia buluu, akalianika kwenye kamba ya uani upande ule ule unaoonekana kutoka kwa jirani. Liling'aa. Mama alitoka mara tatu kuligeuza, na halikuhitaji kugeuzwa. Mchezo ule tuliurudia Jumamosi tatu.

Baadaye ikafika wakati wa mdogo wangu kuwekwa ndani. Kwetu bibi harusi hutiwa chumbani wiki kadhaa, hapigwi na jua, hashiki kazi, na mwili wake hukabidhiwa somo, yaani mwanamke mjuzi anayemfunza na kumtengeneza. Somo aliyechukuliwa alikuwa bibi wa makamo, mwenye vidole vya nguvu na maneno machache, na nusu ya wake za watu pale mjini walikuwa wamepita mikononi mwake. Kila siku alisugua liwa, ule mti wa kunukia, kwenye jiwe la msio, akampaka mdogo wangu kuanzia shingoni hadi nyayoni, akamsinga kwa jiwe lile lile mpaka taka zikatoka, akamsuuza. Siku ya kupamba, bibi harusi huketishwa mbele ya wanawake wa pande mbili, shingo na mikono wazi, na hapo ndipo kazi ya somo hupimwa kwa macho mia.

Niliporudi Jumamosi ya pili ya kuwekwa kwake ndani, mama alinipokea mlangoni kwa kunong'ona, uso umechanua. Mdogo wangu alikuwa ametokwa na choa shingoni, kikubwa, chekundu, cha kufedhehesha. Somo akapata dawa ya tyubu kutoka Mombasa, mafuta meupe, na kwa siku tatu tu wekundu umekwisha, hata muwasho hakuna. "Tena inang'arisha," alisema mama. "Maharusi wote siku hizi wanapakwa hiyo."

Nikaingia chumbani, nikamwamkia somo, nikamwomba mdogo wangu asogee dirishani. Shingoni palikuwa na duara hafifu, bapa, kama alama inayoachwa na glasi iliyolowa juu ya meza. Shwari kabisa. Lakini begani palikuwa na viduara vitatu vidogo, na kimoja kifuani, na kingine mgongoni ambapo jiwe la msio lilipita kila siku likitoka shingoni. Havikuwa vyekundu. Havikuwasha. Mdogo wangu hata hakujua vipo. Mimi nilikuwa nimeviona mara nyingi, kwenye migongo iliyonyolewa.

Nikaomba boksi la tyubu. Jina la dawa lilikuwa limeandikwa kwa herufi ndogo, refu, la kuvunja ulimi, ndugu wa damu wa lile nililonakili kila asubuhi.

"Hajapona," nikasema. "Amenyamazishwa."

Somo aliendelea kusugua liwa. "Nani kamnyamazisha?"

Nikamweleza vizuri, nadhani. Kuhusu homoni, kuhusu wekundu, kuhusu nyuzi. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema polepole, "Mwanangu, juzi niliacha kumpaka siku moja. Siku moja tu. Kesho yake choa kimewaka kama kaa la moto. Nikampaka, kikatulia. Sasa niambie, dawa inayotuliza ukiipaka na ikiachwa ugonjwa unarudi, hiyo si dawa?"

Na hapo ndipo ugumu ulipokuwa, maana ukilisikia lile neno lake lina akili. Nilichoweza kusema ni kwamba nimeona kwa simbilisi.

"Ah," somo akasema. "Mimi nimeona kwa binadamu."

Mama akanishika mkono akanitoa. Alikuwa amekasirika hasa. Harusi ilikuwa imebaki wiki sita, alisema, na kama nataka kumharibia mdogo wangu kwa sababu ndoa yangu mimi haikukaa, niseme wazi. Neno hilo lilinichoma, na mpaka leo nikilikumbuka linanichoma. Nilikwenda jikoni nikakunja mikono ya gauni nikaanza kuosha vyombo kwa hasira.

Ndipo nikaviona. Vyoa viwili, kimoja kila mkono, chini ya viwiko, vyekundu, vyenye ukingo ulioinuka. Vilikuwa vikiniwasha siku nyingi nami nikidhani ni sabuni ya kituo. Mahali pale ndipo simbilisi hukaa ukimbeba. Ndipo pia koti linapogusa. Nikamwona tena mdogo wangu mbele ya kioo, ukosi umesimama mpaka masikioni.

Watu husema kikulacho ki nguoni mwako, nami nilikuwa nimeisema methali hiyo mara ngapi maishani, nikiwasema wengine. Niliosha vyombo vyote, hata vilivyokuwa safi. Jumapili nikaondoka bila kumwambia mtu nilichokiona. Nilikuwa na kitu kimoja tu kikapuni, mafuta ya ile tyubu niliyokamua kidogo kwenye karatasi.

Jumatatu nilimwambia daktari yote: uongo wa unesi, koti, kioo, choa cha bibi harusi. Nilisimama kama mtoto wa chuo cha Kurani aliyesahau sura yake. Nikajua amekasirika, kwa sababu mdomo wake ulikuwa umekuwa mwembamba.

"Leo ni choa," alisema. "Siku nyingine ingekuwa kitu ya kuua. Naweza kukufukuza."

"Najua, daktari."

"Andika. Siku ulizotoa koti, na nani alilivaa. Kwa hati yako."

Niliandika. Sijawahi kuandika kitu kigumu kama kile. Kisha akanitolea barua ya hospitali kwa ajili ya mdogo wangu, apewe vidonge vya kuua kuvu. Nikamwambia barua haitasaidia. Nyumbani kwetu hapana atakayekubali tyubu iachwe, wakati ikiachwa shingo inawaka moto na harusi iko mlangoni. Wanataka kuona. Basi nitawaonyesha: mkono wa kushoto nitaupaka mafuta ya tyubu, wa kulia nitaupaka marhamu ya hospitali.

"Hapana. Wewe si simbilisi."

"Mikono ni yangu, daktari. Sijaipangisha kwa mtu."

Alitoka nje. Nilidhani amekwenda kutafuta mtu wa kushika nafasi yangu. Akarudi na kopo la marhamu na wembe mpya, akavuta kiti, akanikwangua mikono yote miwili, akatazama kwenye hadubini. Kisha akafungua kitabu chake kikubwa, na chini ya namba kumi na nane akaandika namba kumi na tisa. Nilisoma juu chini kutoka upande wangu wa meza: mikono miwili, hana mkia, mkaidi. Niliona fahari ambayo hata siku ya ndoa yangu sikuiona.

Zilikuwa siku kumi na mbili za jaribu la kweli, na Jumamosi ya katikati sikwenda kwetu. Kufika siku ya tatu mkono wa kushoto ulikuwa umetulia, laini, hauwashi, mzuri wa kutamanisha. Wa kulia uliungua. Marhamu yale yalikuwa makali, ngozi ikawa nyekundu zaidi, ikachunika kama ganda la kiazi kilichochemshwa. Nakiri kwamba siku ya tano nilishika kopo nikataka kulitupa, na kama nisingekuwa nimeona niliyoyaona ningelitupa. Nilimfahamu mama siku hiyo. Nilimfahamu na somo. Mkono uliotulia una maneno matamu sana.

Siku ya tisa, pembeni mwa duara la kushoto, nikaona nukta mbili. Siku ya kumi na moja zilikuwa nne.

Jumamosi nilifika Malindi nikaomba watu watatu waketi pamoja chumbani kwa bibi harusi: mama, somo, na mdogo wangu mwenyewe. Nilianza na lililo gumu. Nikasema choa kile nilikileta mimi, ndani ya koti nililokatazwa kulitoa, ili majirani waone kuwa mimi ni nesi. Mdogo wangu alijishika shingo, machozi yakamlengalenga.

"Dada, ukinikosesha harusi hii sitakusamehe."

"Nisikilize kwanza," nikasema. "Usinisamehe baadaye."

Nikakunja mikono ya gauni, nikamnyooshea somo mikono yangu miwili karibu na dirisha. Sikumwambia upi umepakwa nini. Hiyo nilijifunza kituoni: anayetazama asiambiwe, macho yake yasije yakatangulizwa na masikio.

"Wewe ndiye mjuzi wa ngozi," nikasema. "Hukumu."

Aliutazama wa kulia, umechunika, mwekundu, akasikitika. Aliutazama wa kushoto akasema, "Huu umepona." Mama akashusha pumzi. Lakini somo hakuuachia mkono wangu. Hiki ndicho ninachomheshimia hadi leo, na nilimheshimu dakika ile ile, ingawa nilikuwa nimekuja kumshinda. Alipitisha mgongo wa kidole chake taratibu juu ya lile duara bapa, kama anavyopima liwa iliyokauka. Akaugeuza mkono kwenye mwanga. Akasogeza uso.

"Hiki," akasema, "kimezaa."

Akahesabu nukta kwa ukucha. Kisha akarudi kwenye mkono wa kulia, akapapasa ukingo wake, ambao ulikuwa umeshuka, na katikati ngozi mpya imeanza kutoka.

"Na hiki kinakufa. Upi una tyubu?"

"Uliozaa."

Somo akasimama, akamvua mdogo wangu kanga begani, akaanza kutafuta kwa vidole vyake. Aliviona vyote nilivyoviona, na akaviona viwili ambavyo mimi sikuviona. Akaichukua tyubu, akaifunga kifuniko chake vizuri, akaniwekea kiganjani.

"Wangapi nimewapaka?" aliuliza. Hakuniuliza mimi hasa.

Yaliyofuata hayakuwa mazuri. Tyubu ilipoachwa, shingo ya mdogo wangu iliwaka, na begani kukawaka, na kifuani, vyote kwa pamoja. Alikunywa vidonge vya hospitali, akapakwa marhamu yale makali, akalia usiku na mchana akisema hatatoka mbele za watu. Mama naye, nilipokuja Jumamosi iliyofuata, alinivuta pembeni akaniomba tyubu. Kidogo tu, ukubwa wa punje, kwa ajili ya shingo peke yake. Mwenyewe nilikaribia kulegea. Sauti ya somo ikatoka chumbani:

"Mchelea mwana kulia hulia yeye!"

Jiwe la msio alikuwa amelichemsha kwenye sufuria kama tunavyochemsha makoti, bila mimi kumwambia. Kusinga alikuwa amekusimamisha. Kanga za bibi harusi zilifuliwa peke yake kwa maji ya moto. Kazi yangu mimi ikawa kuja kila Jumamosi na kitabu, nikaandika duara kwa duara, nikimwonyesha mdogo wangu mwenyewe: hiki kimeshuka ukingo, hiki hakina mtoto mpya. Alianza kwa kugeuza uso ukutani. Wiki ya tatu yeye ndiye aliyekuwa akiniita dirishani nihesabu. Na mimi moyo wangu ulikuwa juu juu muda wote ule, kwa sababu kama ningekosea, ningekuwa nimemharibia mdogo wangu mara mbili, mara ya kwanza kwa koti na mara ya pili kwa ujuaji.

Sikukosea.

Siku ya kupamba, baada ya alasiri, uani kwetu hapakuwa na pa kukanyaga. Mdogo wangu aliletwa akaketishwa, hina mpaka viwiko, asumini kichwani, gauni la shingo wazi kama ilivyo ada. Kuvu haikuwamo tena. Nilikuwa nimepeleka magamba yake kwa daktari wiki ile, na kwenye kioo hatukuona uzi hata mmoja. Lakini alama zilibaki, mabaka hafifu yaliyopauka shingoni, kama hili la mkono wangu wa kushoto, ya kuonekana na mtu anayetafuta. Mama alitaka kumrundikia vidani mpaka kidevuni. Somo alikataa.

Na katika harusi hakukosi mtu anayetafuta. Shangazi wa bwana harusi, mwenye miwani, aliinuka kutoka mstari wa mbele, akainama mpaka karibu kumgusa bibi harusi, akauliza kwa sauti ambayo hata waliokuwa nje waliisikia:

"Kha! Ana nini mwana huyu shingoni?"

Ngoma ikakatika. Nilikuwa nimesimama mlangoni na sinia la sherbeti. Nilimtazama mama. Nilijua anavyojua kutunga. Angesema ni joto, angesema ni mkufu. Mama akasimama katikati ya uani, akajiweka sawa mtandio.

"Alikuwa na choa. Amepona."

"Kapona kwa dawa gani?" aliuliza yule shangazi. "Amemponya yule binti yako nesi?"

"Si nesi," mama akasema. Akageuka akamtazama jirani wa mlango wa pili, kisha akawageukia wote, na sauti akaipandisha. "Hajawa nesi hata siku moja. Anafuga panya huko Kilifi. Na lau si panya wake, huyu bibi harusi leo msingemtazama mara mbili."

"Simbilisi, mama," nikasema kutoka mlangoni.

"Panya," mama akasema, na yeye ndiye aliyepiga kigelegele cha kwanza.